Nyumba ya Saba ya Falevai

Fuatino alikuwa na tabia moja ambayo kijiji kizima cha Falevai kilimcheka kwayo: hakuweza kuona namba akaipita. Ukimpa risiti, ataisoma mpaka mstari wa mwisho. Ukimwambia bei ya unga imepanda, atataka kujua imepanda lini na kwa nini haikupanda mwaka jana. Tabia hiyo ilimfaa, maana kazi yake ilikuwa kuuza dukani, na pamoja na sukari na makopo ya samaki aliuza tokeni za umeme. Kwa miaka sita alijua nani hununua za tala tano, fedha ya kwao, nani za kumi, na nani husubiri mtoto aliyeko Nyuzilandi atume chochote.

Kwa hiyo siku mwenyekiti wa kamati ya wanawake alipoingia dukani na barua mkononi, uso umemshuka, Fuatino aliisoma kisha akacheka. Barua ilisema umeme utauzwa kwa bei nafuu katika vijiji vyenye matumizi madogo, lakini Falevai haimo. Takwimu za umma zilionyesha kwamba nyumba ya Falevai hulipia umeme wastani wa tala themanini kwa wiki mbili, na mwisho wa wanaostahili nafuu ni arobaini. Mwenye pingamizi alilete kabla mwezi haujaisha.

"Themanini," Fuatino alisema. "Mwenyekiti, umeme wenyewe mimi ndiye ninayewauzia. Kuna mtu hapa namficha?"

"Wamesema sisi matajiri," mwenyekiti akamjibu. "Kajipake mafuta mazuri, dada, ufanane na utajiri wako."

Wote wawili walicheka mpaka walipomwona, kupitia mlango wa duka, Litara akisukuma meza yake ya cherehani kuelekea mlangoni kwake. Ilikuwa Alhamisi. Litara alikuwa mjane, akishona sare za kanisa kwa cherehani ya umeme, na tokeni yake ya tala tano aliyonunua kila Jumatatu ilikata roho kila Alhamisi mchana. Kuanzia hapo alishona kwa mkono, mlangoni, akifuata mwanga. Kwa bei nafuu tala tano zilezile zingemfikisha Jumapili. Ndiyo maana barua ile ilimkera Fuatino kuliko kumchekesha, na hasira yake, kama kawaida, ikageuka kuwa udadisi. Namba themanini ilikuwa imetoka wapi?

Barua ilitaja ripoti ya matumizi ya kaya, iliyotolewa na ofisi ya takwimu kutokana na hesabu iliyofanyika miaka miwili nyuma. Wateja walipopungua, Fuatino aliitafuta kwenye kompyuta ya duka. Ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi, na aliyeipanga hakudhani kwamba kuna mtu atakuja kuisoma. Umeme uliwekwa nyuma ya sigara na mbele ya viatu. Kwa siku mbili alisoma huku akipima sukari, mpaka mteja mmoja akaondoka na kilo mbili kwa bei ya moja. Mwishowe akalipata jedwali la vijiji. Jirani zao upande wa mashariki: ishirini na nane. Wa magharibi: thelathini na moja. Falevai: themanini.

Alipiga simu ofisi ya takwimu, mjini Apia. Akapokea kijana anayeitwa Setefano, ambaye alimsikiliza, kisha akamwomba arudie namba ya ukurasa. Alisema tangu ripoti itoke hakuna mtu aliyewahi kumpigia simu kuhusu jedwali hilo, na sauti yake ilionyesha kwamba amefurahi. Akamweleza kwamba katika kila kijiji zilichaguliwa nyumba kumi, zikapewa daftari la kuandika matumizi yote kwa wiki mbili. Lipo faili la nyumba mojamoja, bila majina, na mwananchi yeyote ana haki ya kuliomba.

"Basi mimi ndiye yeyote," Fuatino akasema. "Nitumie."

Faili lilifika asubuhi ya pili. Nyumba kumi za Falevai, mistari kumi. Tisa zilikuwa vilevile alivyowajua watu wake: ishirini, kumi na tano, ishirini na tano. Alijaribu hata kukisia nani ni nani, jambo ambalo pengine si halali, lakini mwacheni. Kisha akafika nyumba ya saba. Umeme: tala mia sita na ishirini.

Alihisi ile furaha ya mtu aliyeushika mkia wa panya. Nyumba moja tu ilikuwa imewavuta wote juu. Sasa ilibaki kujua ni ya nani, na ni balaa gani lililowasha umeme wote huo. Akaufuata mstari kuelekea kulia, safu baada ya safu. Watu waliolala nyumbani: thelathini na mmoja. Makopo ya samaki: katoni arobaini. Barafu. Nguruwe watatu. Lesi nyeupe, mita hamsini.

Mita hizo hamsini alizinunua yeye mwenyewe. Walizitundika kutani na kwenye dari yeye na mama yake Telesia, kuizunguka mikeka laini alipolazwa bibi yake Salafai. Nyumba ya saba ilikuwa kwao. Katika faili lile lisilo na majina, kati ya sigara na viatu, bibi yake alikuwa anazikwa. Fuatino alilia pale pale kwenye kaunta, na mtu aliyekuja kununua sabuni akaondoka polepole bila sabuni.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anasuka mkeka. Alimweleza yote, kisha akamuuliza kuhusu lile daftari la matumizi, ambalo Telesia alilijaza peke yake bila kumwonyesha. Fuatino mwenyewe alikumbuka kwamba siku zile watu walikuja msibani na vikaratasi vya tokeni, maana taa na majokofu ya kuazima havikuzimwa wiki nzima. Setefano alikuwa amemwambia daftari lilikuwa na safu mbili, ya ulicholipa na ya ulicholipiwa. Sasa ilikuwaje tokeni za watu zikaandikwa kama umeme ulionunuliwa na nyumba yao?

"Niliziona safu zote mbili," Telesia alisema. "Mimi si kipofu."

"Sasa mbona, mama?"

"Mwanangu, mtu akileta kitu kwenye msiba wangu, nimelipiwa? Nimewekewa zamu. Akifiwa yeye, nami nitapeleka. Ningeandika nimelipiwa ningekuwa natangaza kwamba sirudishi."

Akanyanyuka, akatoa sandukuni daftari jingine, la msiba, ambalo kila familia hulitunza kuliko vyeti. Majina arobaini na moja na kila mtu alicholeta. Mengi yalikuwa na alama ya vema, kwa maana zamu zake zilishafika na Telesia alishakwenda na vyake. Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na jina lisilo na alama: Litara, tokeni, tala thelathini. Fuatino alilirudia mara mbili. Thelathini, kwa mwanamke anayenunua za tano. Hizo ni Jumatatu sita.

"Mama, wema wao ndio ofisi imeusoma ikadhani ni utajiri," alisema. "Shangazi Litara anashona gizani kwa sababu ya tokeni aliyotuletea sisi."

Alipompigia Setefano tena, Fuatino aliambiwa ofisi inataka jambo moja tu, barua ya mwenye nyumba inayokiri kwamba tala mia sita kati ya zile mia sita na ishirini zilikuwa zawadi. Telesia alisema hatatia sahihi. Aweke kwa maandishi kwamba mama yake alizikwa kwa mifuko ya watu, na serikali iyasome hayo? Aliona aibu kweli, na Fuatino, aliyemjua, hakumsukuma. Aliliacha daftari la msiba wazi mezani kando ya barua, ukurasa wa pili, akaenda kuosha vyombo. Alipomaliza akakuta barua imetiwa sahihi na mama yake amerudi kwenye mkeka wake, akisuka kwa nguvu kuliko kawaida.

Wiki mbili baadaye Setefano akapiga simu. Walihakiki daftari, mstari ukarekebishwa, wastani mpya wa Falevai ni tala ishirini, na kijiji kimeingia kwenye orodha ya nafuu kuanzia mwezi ujao. Fuatino aliuliza kama nyumba ya saba imefutwa. Setefano akasema hapana, ipo, watu thelathini na mmoja na lesi yao yote, ila umeme wa zawadi umehamia safu ya ulicholipiwa. Fuatino alimshukuru mara tatu.

Habari zilizagaa. Mchana huohuo, nao ulikuwa Alhamisi, Telesia aliingia dukani, jambo asilolifanya mara nyingi, akaweka kwenye kaunta tala thelathini.

"Tokeni," alisema. "Mita ya Litara."

"Mama, Litara hajafiwa."

"Najua. Nimechoka kumngojea afiwe ndipo nimshukuru."

Fuatino hakuhitaji kuulizia namba ya mita, aliijua kwa kichwa. Alichapa karatasi, wakavuka barabara pamoja. Litara alikuwa mlangoni na sindano mdomoni, sare nyeupe imemlalia magotini. Aliposoma kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi alitoa sindano mdomoni, uso ukambadilika, akatazama barabara huku na huku.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna," Telesia akasema, akishika upande mmoja wa meza ya cherehani. "Shika huko, tuirudishe ndani."

Litara aliichomeka sindano kwenye sare, akainuka. Kisha akashika upande wa pili.