Mshono wa Shoto

Mti ulikuwa umechunwa kama mbuzi wa sikukuu. Kuanzia magotini hadi juu ya kichwa cha Scolastica, mti ule wa mtundu haukuwa na gome, na majani yalishaanza kusinyaa. Hatua chache mbele, tawini, ulining'inia mzinga mpya wa gome.

Aliutazama mshono, akajua. Washonaji wote wa mizinga kijijini Litapunga huingiza vijiti vya mshono kutoka kulia. Hivi viliingia kutoka kushoto. Shoto alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyemlambisha asali ya kwanza ya Juni, ingali na harufu ya moshi. Enzi hizo walirudi kutoka porini jioni, baba mbele na ndoo, yeye nyuma akilamba vidole, miombo imefunga pande zote hata jua likawadondokea kwa vitone. Nani angelilia mti mmoja? Miti ilikuwa mingi kuliko nyuki.

Sasa kimebaki kilima hiki tu, na kikundi chao cha kulinda msitu kimeapa: mizinga iwe ya mbao. Atakayechuna gome atafyeka njia ya kuzuia moto, na msimu mzima hatundiki mzinga wala hachungi ng'ombe kilimani.

Jumapili baada ya misa walikutana uani shuleni kwa ajili ya mti ule uliochunwa. Cecilia, mwenyekiti, hakuzunguka.

"Masele, ng'ombe wako ndio wanaoshinda kule. Nani mwingine?"

"Mayu, mama yangu, mimi Msukuma wa ng'ombe. Nyuki mmoja akinipigia honi, nafika Mpanda mjini kwa miguu. Mzinga ningeutundikaje?"

Watu waliangua kicheko. Cecilia hakucheka. "Leo leo uwatoe."

Tabasamu la Masele likayeyuka. Kiangazi kilikuwa mlangoni, na malisho mengine hakuwa nayo.

Scolastica alimgeukia baba yake, Mzee Polycarpe, aliyekaa benchi la nyuma akikwangua tope kwenye kiatu. Akamsubiri. Mzee aliendelea kukwangua.

"Siyo Masele," Scolastica alisema. "Ule mshono ni wa baba."

Mzee akasimama taratibu.

"Mbao hazinukii," alisema. "Nilitaka mmoja tu wa gome, wa mwisho. Ila wewe, mwanangu, si ungeniuliza nyumbani?"

"Ungeniambia ni mzinga wa zamani."

"Ningekwambia hivyo," mzee alikiri, akaketi.

Cecilia mwenyewe alikuwa amefundishwa kurina asali na mzee huyo. Alisoma adhabu bila kuinua macho. Mizinga yote ya mzee ingeshushwa.

Kesho yake asubuhi mzee alipita mlangoni kwa binti yake bila kubisha hodi, jembe begani. Scolastica alichukua fyekeo lake, akamfuata kwa mbali. Njia panda alisimama Masele na panga, hakuna aliyemwita.

"Mzee, lete jembe nikubebee."

"Kabebe ndama wako."

Wakaongozana hivyo hivyo. Walipoanza kupanda kilima, mzee alinyoosha kidole kwenye shamba la mahindi.

"Pale palikuwa na mninga. Nyuki wake wakali kama mama mkwe! Nimepanda juu, huyu binti yangu yuko chini kashika kamba, ana miaka sita. Anaumwa na nyuki, analia, kamba haachii."

Alikuwa akimsimulia Masele aliyekuwa ubavuni pake, lakini sauti ilikuwa ya kumfikia mtu wa mbali. Scolastica akaongeza hatua, asikose neno.