Hedfoni Iliyochelewa

Mwaka jana, hospitali ilipopiga kumwita mzee wa mapokezi akamuage mkewe, simu ya mezani ililia mpaka ikachoka. Bosi alikuwa amemtuma orofa ya tatu kupeleka mafaili. Alipopata habari, mama watoto alishakata roho. Na bado akapewa onyo kwa kutopokea simu.

Leo fundi kaleta hedfoni isiyo na waya. Kachomeka kitako cha hedfoni hiyo kwenye simu ileile, kabonyeza kitufe, taa ikawaka kijani.

"Haya, mzee wangu. Sasa utapokea hata ukiwa ngazini."

"Na visingizio vimekwisha," bosi akadakia. "Ivae, kisha niletee mafaili ya juu."

Visingizio! mzee akawaza. Ndio hao hao wakubwa waliomwondoa kitini, kisha lawama wakamtwika yeye.

Akainuka, akaichukua hedfoni, akamvisha bosi kichwani taratibu, kama anayemvisha mtoto kofia.

"Kayafuate mwenyewe, mkubwa. Ikilia utaisikia hukohuko."

"Unajua unaongea na nani wewe?"

"Namjua sana. Ukitaka nifukuze, lakini nikiwa hapa kazini, kitini sibanduki. Ngazi zako nilishazipanda, nikaona zilikonifikisha."

Fundi akainamia waya zake, kicheko kikimponyoka puani. Simu ikalia. Mzee akakaa, akaunyanyua mkono wa simu wa zamani, akaubana sikioni.

"Mapokezi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka orofa ya tatu. "Nipo."