Jumatano ya Tatu Maji Hayakuja

Masika ya mwaka huu yalikuja, tusiyasingizie. Yalikuja Jumanne mchana, yakabeba mbolea yangu yote mpaka bondeni, yakaondoka zake. Halafu akaja mtaalamu na kofia mpya, akatuambia sisi wa Kibosho tuendane na mabadiliko ya tabianchi. Haya! Tulimpigia makofi, tukanywa soda.

Mimi Mektrida nilikuwa na mibuni mia mbili iliyobeba kahawa changa. Ikikosa maji, yote ingepukutika. Tegemeo langu lilikuwa mfongo, ule mfereji wa mababu unaoshuka kutoka msituni, na zamu yangu ni Jumatano. Juu yangu anakaa shemeji yangu Wenseslaus, mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa Mungu sana. Jumatano ya kwanza, nikiwa kwenye novena ya kuomba mvua, akayageuzia maji shambani kwake. Jioni akaja na jani la sale.

Sasa kwetu Uchagani, ukiletewa sale, umekwisha. Utasamehe, utake usitake. Nikasamehe. Jumatano ya pili maji hayakufika, sale likafika. Nikasamehe tena, na pombe ya mbege nikampa. Jamani, yule mtu alikuwa anamwagilia kahawa kwa roho yangu nzuri!

Jumatano ya tatu maji hayakuja, wala sale halikuja. Nikasema, loo, sasa hata adabu imemwisha! Jumapili baada ya misa nikamwanika mbele ya watu wote: mwizi wa maji, anamdhulumu mjane. Watu wakaguna. Yeye akainamisha kichwa, akashika njia ya kwao. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Jumatatu asubuhi nikabeba jembe, nikapanda kwenda kuyafungulia maji mwenyewe. Nilipofika shambani kwake nikamkuta na panga, anakata mibuni aliyoachiwa na baba yao, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa imekauka. Nikachungulia mfongo. Ulikuwa mkavu tangu kule msituni, mijusi wanaota jua ndani yake.

"Shemeji, mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Hasira yote ikaniishia, ikabaki aibu tupu. Nikachuma sale kwenye mpaka wa shamba lake mwenyewe, nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea, akajifuta jasho.

"Msamaha nimekupa, shemeji," akasema. "Maji ndiyo sina."