Ubongo Mpya wa Florian

Gari jekundu liliganda tena katikati ya kona. Halikugonga kitu wala halikupinduka. Lilisimama tu kwenye kioo cha kompyuta, magurudumu mawili hewani, na mlio wa injini ukawa unarudia palepale kama mtoto mwenye kwikwi. Ojuok aliachia kibodi, akaegemea ukuta na kucheka kwa raha zake.

“Nshomile,” alisema, akimwita kwa jina la utani wanalopewa Wahaya wa Bukoba kwa kujivunia usomi, “ubongo wako mpya umelala.”

“Haujalala,” alisema Florian. “Unafikiri.”

Ojuok alikuwa wakala wa samaki pale Igogo, Mjaluo wa Shirati mwenye saa ya dhahabu isiyokuwa ya dhahabu. Vijana waliopakia sangara kwenye magari ya barafu walimfuata kokote alikokwenda, na yeye alikuwa ametoa ahadi. Gemu hili la magari likikimbia mwanzo hadi mwisho bila kuganda, angewaleta vijana wake wote hapa kila jioni, waachane na kile chumba cha gemu cha mjini walikozoea kwenda. Kwa ajili ya ahadi hiyo, wiki hiyohiyo, Florian alikuwa amechukua cherehani ya mke wake na kuibadilisha kwa kijidude cheusi cha ukubwa wa biskuti.

Huyu Florian, kabla ya kuwa mtaalamu, alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vifungo vya mashati. Kiwanda kilipobinafsishwa na watu kupunguzwa, wenzake walichukua viinua mgongo vyao wakanunua mitumba, wakanunua mitumbwi, na wengine wakanywa tu, angalau hao walifurahi. Florian aliwadharau wote. Kuuza mitumba, alisema, ni kazi ya watu ambao hawakukaa darasani. Yeye alinunua kompyuta iliyokwisha kutumiwa na watu wengine huko ng’ambo, akaiweka katika chumba cha mbele kinachotazama ziwa, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: KITUO CHA TEKNOLOJIA. Tangu siku hiyo akawa anaanza kila neno na “kitaalamu”. Kitaalamu, chai hunywewa kabla ya kuoga. Kitaalamu, mvua ya Bukoba ni bora kuliko ya Mwanza. Majirani walikuwa wakimsalimia upesi na kupita, wasije wakaelimishwa.

Na kompyuta ilivishwa. Hakuna nyumba ya heshima miaka ile iliyoacha kitu cha thamani kikae uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, makochi yalikuwa na vitambaa vyao, hata jagi la maji lilivaa. Leonsia, mkewe, alikuwa fundi wa kufuma, na Florian alimwamuru afume kitambaa cha kufunika kompyuta yote, juu, ubavuni na nyuma mpaka chini, kibakie kioo tu. Maua kwa mbele. Sababu aliyoitoa ilikuwa usubi, vile vidudu vidogo vinavyotoka ziwani kwa mawingu na kuingia mpaka kwenye chai. Sababu ya kweli ilikuwa fahari. Hakutaka kompyuta yake ionekane kama sanduku la bati.

Gemu likaanza kuganda. Liliwaka vizuri, likakimbia kidogo, kisha kimya. Wateja wakapiga kibodi, wakapiga meza, wakaondoka. Florian alikaa mbele ya mashine akaitazama kama daktari, akatoa hukumu: ubongo ni mdogo. Kitaalamu, magari yana kasi, ubongo hauyawezi. Akaibeba mpaka mjini Nyamagana kwa Collins, kijana aliyejifunza ufundi Nairobi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nataka ubongo mkubwa zaidi.”

“Sawa. Inagandaje? Ukiwasha tu, au ikishakaa?”

“Kijana, sikuja kuhojiwa. Nimekuja kuchukua ubongo.”

Collins alichukua bisibisi. Huko Nairobi alijifunza pia kwamba mteja anayejua kila kitu usimbishie. Tena alikuwa anatafuta cherehani kwa ajili ya mama yake aliyekuja kutoka Mara kutibiwa, na Florian alikuwa nayo moja nyumbani. Sema haikuwa yake. Aliiondoa wakati Leonsia yuko kwenye sala ya jumuiya, akaibeba begani, cherehani ya mkono ambayo Leonsia alipewa na shangazi yake siku anaolewa. Ndiyo iliyoshona sare za watoto wa mtaa mzima. Ndiyo iliyomsomesha binti yao, Justa, wakati kompyuta ikiendelea kufikiri.

Pale kwa Collins, mashine ikiwa imefunguliwa na ubongo mpya umepachikwa, gemu lilikimbia kwa uzuri wa ajabu. Florian alivimba.

“Mama anasafiri Jumamosi, basi la saa nane, stendi ya Buzuruga,” Collins alimwambia wakati anaondoka. “Ukiona haikufai kabla ya hapo, rudisha huu, nitakupa wako wa zamani na cherehani yako. Mama akishapanda basi, biashara imekwisha.”

Leonsia aliporudi kutoka jumuiya alikuta meza tupu, na juu yake sindano na uzi. Hakulia. Alimsikiliza mumewe akimweleza kwamba kabla ya Pasaka atapata cherehani ya umeme, inayojishonea yenyewe, kitaalamu. Kisha akamsikiliza akimwagiza kitambaa kingine, kizito zaidi, chenye bitana, kwa sababu ubongo mkubwa unastahili vazi kubwa. Alikifuma, na bitana akaipiga kwa mkono.

Sasa ilikuwa Jumamosi hiyo, asubuhi, na gari jekundu limeganda kwenye kona.

“Zima, uwashe tena,” Florian alisema.

“Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimechoka,” Ojuok alijibu. “Zamani nilikuwa nafika darajani. Leo naishia konani. Huu ubongo uliupima kabla ya kuupa mshahara?”

Leonsia alisimama mlangoni. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na mikono yake, ambayo kwa kawaida saa hizo huwa inashona, haikujua pa kukaa.

“Baba Justa, rudisha hicho kitu.”

“Mama Justa, haya ni mambo ya kitaalamu.”

“Haya ni mambo ya cherehani yangu. Haijaondoka bado. Iko kwa Collins mpaka mchana. Rudisha.”

“Ubongo mpya lazima uzoee nyumba kwanza.”

“Uzoee nyumba? Kwani ni paka?”

Ojuok alicheka mpaka akashika mbavu. Hapo Leonsia aliingia ndani na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

“Basi na mimi nachukua changu,” alisema. “Ndicho pekee kilichobaki humu ndani chenye jasho langu.”

Alikivuta kitambaa kwa nguvu, maua na bitana yake, mpaka kibodi ikarukia mapajani mwa Ojuok. Akakikunja chini ya kwapa. Kasha la kompyuta likabaki wazi, la rangi ya maziwa yaliyochacha, na nyuma yake matundu ya feni ambayo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa ameyaona kwa miezi. Mambo hayo yote yalichukua muda. Mume na mke walizozana, Ojuok akazima mashine na kuvuta sigara, na walipotulia aliiwasha tena, hasa ili apate la kusimulia jioni.

Gari jekundu lilipita kona. Likapita daraja. Likapita msitu, likapita mji wenye magorofa, likafika mwisho, na bendera zikapepea kwenye kioo. Ojuok alirudia mbio zote, likafika tena. Alinyanyuka, akazunguka nyuma ya kompyuta, akaweka kiganja kwenye yale matundu.

“Aisee. Joto linatoka hapa kama jikoni.” Alimgeukia Leonsia. “Shemeji, niazime hicho kitambaa kidogo.”

Aliifunika mashine kama ilivyokuwa, akakaa, akacheza. Raundi ya kwanza lilifika. Ya pili, kwenye kona ileile, gari likaganda. Akafunua, akazima, akasubiri, akawasha. Likafika mwisho.

Hata mtu aliyepita njiani angeelewa.

“Kwa hiyo,” Ojuok alisema polepole, “tangu mwanzo ilikuwa inakosa hewa. Ule ubongo wa zamani haukuwa na kosa lolote. Huu mkubwa una joto zaidi, ndiyo maana umezimia mapema. Nshomile, wewe umefunga injini kubwa kwenye mtumbwi na nanga bado iko chini ya maji.”

Florian alifungua mdomo. “Kitaalamu,” alisema, akaanza kunyoosha waya wa kibodi.

“Baba Justa.” Sauti ya Leonsia ilikuwa laini sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Basi ni saa nane. Tuibebe twende kwa Collins. Akurudishie ubongo wako, anirudishie cherehani. Gemu litakimbia vilevile. Wateja utawapata, na mimi nitashona. Sikulaumu. Twende tu.”

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Muda ulikuwepo, na Ojuok mwenyewe alijitolea kuwapeleka kwa gari la barafu. Florian alitakiwa kusimama mbele ya kijana wa watu na kutamka neno moja: kitambaa. Ni kitambaa tu. Aliufikiria uso wa Collins akilisikia neno hilo. Akawafikiria mafundi wengine pale Nyamagana wakiitana. Mtu mzima, karani wa stoo, msomi, ameinyonga kompyuta yake kwa maua ya uzi.

“Ubongo ulikuwa haujazoea,” alisema. “Sasa umezoea. Haurudi popote.”

“Florian!” Leonsia alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mgeni. “Sogea, niibebe mwenyewe.”

Florian aliweka mikono yote miwili juu ya kasha, akasimama hivyo, akimwogopa kijana mmoja wa mjini kuliko alivyomwogopa mke wake na Mungu wake. Kisha kitu fulani usoni pa Leonsia kilizimika, na hakumwomba tena. Alichukua kitambaa chake, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, kitambaa mapajani. Saa nane ilipita akiwa hapohapo.

Ojuok alitimiza ahadi. Jioni jua likiwa bado juu ya ziwa, vijana wake walikuja wamejaa harufu ya samaki, wakapanga foleni mpaka nje, wakicheka. “Ni hapa kwenye gemu la kitambaa?” waliuliza. “Yuko wapi huyo mzee aliyeinyonga?” Florian aliwaambia wakae kwa utaratibu. Gari jekundu lilikimbia bila kusimama, na chumba kilijaa watu kama alivyoota siku zote. Hakuna hata mmoja aliyemwita mtaalamu.

Ndipo usubi walipotoka. Kwanza walionekana mbali, juu ya maji, mfano wa moshi wa shamba linalochomwa. Kisha upepo ukageuka, na moshi ukaja Igogo. Waliingia mlangoni na dirishani, wakajaa kwenye nywele na midomoni mwa vijana, wakafuata mwanga wa kioo, wakafuata hewa inayovutwa na feni. Vijana walitema mate, wakajifunika fulana usoni, wakakimbia. Ojuok alikuwa wa mwisho kutoka. Nyuma ya kompyuta feni ilibadilisha sauti, ikaanza kukoroma.

“Mama Justa!” Florian alipiga kelele. “Kitambaa! Lete kitambaa, wanaingia ndani!”

Alilikumbatia kasha kwa mikono yote miwili, akabana matundu kwa kifua chake, usubi wakimtambaa shingoni. Joto lilimpiga tumboni. Akajitenga kidogo, wadudu wakaingia. Akabana tena, joto likapanda. Mbele yake, kwenye kioo, gari jekundu lisilo na dereva lilikuwa linaikaribia kona.

“Leonsia, nakuomba.”

Leonsia alikuwa amejitanda kanga kichwani. Mapajani kwake bitana ilikuwa imekwisha kutolewa na kukunjwa vizuri, na kando yake palikuwa na donge la uzi mweupe, kubwa kiasi cha chungwa. Alitafuta ncha, akaipata, akavuta. Ua moja likafumuka, halafu la pili, na uzi ukaendelea kuja.