Kichupa cha Vumbi la Shaba

"Mama Funguo, unanichongea ufunguo leo au niende zangu nikavunje mlango?"

Kinyozi alikuwa ameegemea kaunta, kitana kimechomoza mfukoni. Ng'ambo ya barabara mteja wake alikuwa amekaa kitini na shuka shingoni, anatazama huku kwa macho ya mtu aliyesahauliwa.

"Vunja tu," alijibu Mama Funguo bila kuinua kichwa. "Ukishavunja utakuja kununua kitasa. Kwa nani? Kwangu."

Kinyozi akacheka. Mama Funguo aliendelea kupiga tupa. Alikuwa amezibana funguo mbili kwenye jiliwa, ule wenye meno na ule usio na meno, na kila aliposugua aliinama kutazama kama bonde jipya limefikia kina cha lile la zamani. Kitambaa kilifunika pua na mdomo wake, kimefungwa kisogoni kwa mafundo mawili.

"Mashine hiyo hapo nyuma yako. Kazi ya dakika moja. Wewe unasugua kama unayeparuza ukoko wa sufuria."

"Mashine imepumzika."

"Miaka mitano! Huko si kupumzika, huko ni kustaafu."

Mama Funguo alimpa kinyozi ufunguo mpya pamoja na wa zamani, akamfukuza kwa mkono, akavuta droo ya chini. Humo, nyuma ya misumari na bisibisi, kilikuwako kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi. Kilijaa nusu vumbi la shaba, laini, la manjano. Alikitumbukiza kwenye mkoba, chini kabisa, akafunga duka. Saa tano yeye na mumewe walitakiwa kliniki kuchukua majibu ya vipimo vya vinasaba.

Kuhusu vumbi hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Alijifunza kuchonga funguo kwa baba yake, na mimba ya mtoto wake wa pekee aliibeba akiwa amesimama mbele ya mashine ile, tumbo limegusa meza, vumbi la shaba likimwagikia kanga mpaka mwezi wa nane. Binti akazaliwa mzima, mnene, mpiga kelele. Alipokuwa na miezi kumi baba yake alimpachika jina la Chiriku, kwa kuwa alibwabwaja kutwa nzima kama ndege huyo asiyejua kunyamaza. Baada ya mwaka mmoja na nusu maneno yakakatika. Jina likabaki. Alipotimiza miaka mitatu daktari akawaambia kwamba mtoto ana usonji, na siku hiyohiyo Mama Funguo akarudi dukani, akaifunika mashine kwa shuka.

Tangu hapo alichonga kwa mkono. Kabla ya kumgusa mtoto alibadili nguo na kunawa mpaka kwenye viwiko. Chiriku alipenda funguo kuliko kitu chochote duniani, alizipanga sakafuni kwa mpangilio wa meno, aliziangusha mojamoja na kusikiliza. Basi mama yake alimletea zile mbovu, lakini kwanza alizichemsha kwa maji na sabuni, kwenye sufuria yake maalumu. Majirani walidhani ni usafi uliopitiliza. Na mlangoni mwa duka kulikuwa na mstari mwekundu, ambao alimwomba mumewe, fundi rangi, auchore. Chiriku alifundishwa kwamba mstari ule hauvukwi. Fundi rangi alichora bila kuuliza, akidhani mkewe anaogopa tupa na visu.

Sasa mke na mume walikuwa wamekaa bega kwa bega mbele ya mshauri wa kliniki, mwanamke mdogo kwa umri, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Miezi mitatu iliyopita ndiye aliyechukua damu ya Chiriku na mate yao wawili. Fundi rangi alikuwa amepinga kidogo wakati huo. "Tukishajua, ndiyo nini?" alisema. "Mtoto ni huyuhuyu." Mkewe akamjibu kwamba anataka kujua tu, na sauti yake ilikuwa ya namna ambayo mume mwenye akili haendelei kubishana nayo.

"Kwanza nikumbushe," mshauri alisema. "Damu haikutuambia kwamba Chiriku ana usonji. Hilo tulilijua kwa kumtazama, anavyocheza, anavyowasiliana na anavyonyamaza. Kipimo hiki kinatafuta sababu tu, na familia nyingi huondoka hapa bila kuipata. Kwenu tumepata kitu."

Mama Funguo hakusikia zaidi ya hapo. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba.

"Kabla hujasema," alisema, "naomba na hiki kipimwe."

Akakiweka kichupa mezani.

Mshauri alikitazama. Fundi rangi akakitazama, kisha akamtazama mkewe. "Mama Chiriku, ni nini hicho?"

"Vumbi la shaba. Nimelikusanya kwenye mashine ileile, ni lile nililokuwa navuta nikiwa na mimba yake." Alikisukuma kichupa kuelekea kwa mshauri. "Kama ni hili, naomba niambiwe tu. Nimechoka kubahatisha."

Nje, mtu alikuwa akiburuta kiti.

"Ndiyo maana unachemsha funguo?" fundi rangi aliuliza polepole. "Na ule mstari?"

Mama Funguo akaitikia kwa kichwa.

"Miaka mitano tunalala kitanda kimoja. Hukuniambia!"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimemharibu mtoto wako?"

"Mama," mshauri akaingilia, na alisema kwa uthabiti ambao hakuutumia kabla, "Chiriku hajaharibika. Hilo tulimalize kwanza."

Alikisogeza kichupa pembeni, bila dharau, akageuza karatasi iwaelekee.

"Mtoto anapotungwa, maelekezo marefu sana hunakiliwa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Marefu kuliko vitabu vyote vya jengo hili. Katika kunakili, mahali fulani hubadilika. Kwa kila mtu, hata mimi. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Kwa Chiriku, badiliko moja limeangukia sehemu inayohusika na ubongo unavyokua. Tumelitafuta kwako, Mama, halipo. Tumelitafuta kwa Baba, halipo. Limeanza kwake."

"Kama kunakili ufunguo," Mama Funguo alisema kwa sauti ndogo.

"Sijawahi kunakili ufunguo. Nieleze."

Akaeleza, mwanzo kwa kusitasita, halafu kwa lugha ya mtu aliye kazini kwake. Kwamba unaweza kuwa na mashine nzuri na mkono usiotetemeka, ufunguo wa mfano ukawa mzima, na bado katika mia kadhaa mmoja ukatoka na jino tofauti. Unaugeuza, unautazama, hujui ni wapi. Baba yake aliuweka ufunguo wa namna hiyo pembeni na kusema kazi imejiamulia.

"Nani alikuwa anakosea hapo?" mshauri aliuliza.

"Hakuna."

"Basi hata hapa hakuna. Badiliko la aina hii hutokea lenyewe. Tunalikuta kwa watoto wa walimu, wa wakulima, wa madaktari wenzangu. Vumbi si zuri kwa mapafu yako, endelea kujifunga pua. Ila silo lililofanya hivi, na sihitaji kulipima ili nikuambie."

Mama Funguo aliomba arudie. Mshauri akarudia, neno kwa neno, kama vile ameombwa hivyo mara nyingi na hachoki.

Fundi rangi ndiye aliyeuliza yale mengine. Mtoto mwingine je, wakijaliwa? Uwezekano wa kujirudia ni mdogo, aliambiwa, ingawa hakuna wa kuapa kwamba haupo. Karatasi ina faida gani? Inawaonyesha madaktari cha kuangalia, maana baadhi ya wenye badiliko hili hupata kifafa, na Chiriku atapimwa mapema badala ya kusubiri.

"Na atazungumza?"

"Hilo halijaandikwa humu, Baba. Humu hamna Chiriku mzima. Mnayemjua ni nyinyi."

Kwenye benchi la nje Mama Funguo alilia. Alilia bila aibu, mabega yakimtikisika, na katikati ya kilio akashikwa na kicheko, kwa sababu mumewe alimpa leso iliyochafuka rangi mbichi ya bluu bahari, na sasa shavu lake lote lilikuwa bluu.

"Nilikuwa nanunua mafuta ya taa kwa ajili ya sufuria ya kuchemshia funguo," fundi rangi alisema. "Jamani! Mke wangu anapika supu ya funguo, na mimi nawasha jiko."

"Nyamaza wewe."

"Siku nyingine ukiwa na jambo, niambie hata kama ni la kijinga. Hasa likiwa la kijinga."

Mumewe alikaa karibu naye mpaka akapumua sawasawa. Mama Funguo alijihisi mwepesi mpaka akaogopa kusimama.

Walimchukua Chiriku kwa bibi yake, wakafika naye dukani saa tisa. Kinyozi alikuwa tayari anawasubiri mlangoni, ufunguo mpya mkononi.

"Kitu chako kinaingia vizuri, kinakaa vizuri, ila hakifungui. Kama mgeni."

"Leo sikuwa na akili," Mama Funguo alikiri. "Subiri nikuchongee kwa mashine."

Kinyozi akatoa mfukoni ule ufunguo wake wa zamani, akamkabidhi haraka kabla hajabadili mawazo.

Aliivua mashine shuka. Akaipangusa, akaitia mafuta, akageuka. "Chiriku, njoo ndani."

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mstari mwekundu, ncha za ndala zake zimeishia pale rangi inapoanzia, vifaa vyake vya kuziba sauti vimefunika masikio. Alitazama ubao wa funguo ukutani, mamia yaning'iniayo kwenye misumari, kama wengine wanavyotazama keki. Hakusogea.

"Ingia, mwanangu. Sasa ruksa."

Chiriku akatazama mstari. Akamtazama mama yake. Mstari ulikuwa bado pale, basi na sheria ilikuwa bado pale, na alimhurumia mama kwa kusahau jambo dogo hivyo. Mama Funguo alimnyooshea mkono, akabembeleza, akavuka mwenyewe mara mbili kumwonyesha. Wapi!

"Mwacheni," fundi rangi alisema. "Kosa la rangi hurekebishwa kwa rangi."

Akafungua begi lake, akatoa kopo la kijivu na brashi, akapiga magoti. Alipaka taratibu kutoka ukutani mpaka ukutani, mara moja, kisha mara ya pili, hadi wekundu wote ukamezwa na sakafu. Ikabidi wangoje ikauke. Kinyozi alikaa kwenye ndoo. Chiriku alichuchumaa karibu na rangi, kidevu magotini, na kila baada ya muda aliinusa. Hakuna aliyemharakisha.

Ilipokauka aliigusa kwa kidole, akakitazama kidole, akakiona safi. Akaingia.

Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao. Alipita msumari hadi msumari bila kugusa, akarudi nyuma kidogo, akatungua ufunguo mmoja usio na meno na kuuweka kiganjani mwa mama yake. Mama Funguo akauweka kando ya ule wa kinyozi. Shingo ileile, unene uleule, mfereji uleule. Yeye mwenyewe huwa anajaribu tatu kabla hajaupata.

"Huyu mtoto," kinyozi alisema, akiinuka kwenye ndoo.

Mama Funguo alifunga kitambaa puani, akamfunga na binti yake kingine, akakagua vizibo vya masikio, akawasha. Mashine ilikohoa, ikashika. Chiriku aliruka hatua moja nyuma, viganja juu ya masikio yaliyokwisha kuzibwa. Halafu akasogea tena, kwa kuwa ufunguo ulikuwa unaota meno mbele ya macho yake.

Mashine ilipozimwa, vumbi lilikuwa limetanda mezani. Chiriku akaburuta kidole humo, mstari mrefu, kutoka pembe hadi pembe. Mkono wa mama yake ulikuwa umekwisha kushika kitambaa chenye maji.

Mama Funguo aliuzuia mkono hapohapo, maji yakimdondokea miguuni. Kisha akakirudisha kitambaa kwenye ndoo ya maji, na Chiriku akainua kidole chake juu, kwenye mwanga wa mlangoni, akakigeuza huku na huku, kinang'aa.