Wasomaji Hewa

Mimi ndiye niliyewafuta, wote thelathini na mmoja pamoja na mwenye nao, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Sina wa kumsingizia.

Kulikuwa na mchezo wa redio ukiitwa *Ua wa Nyuma*, habari za wapangaji sita wanaogombania bomba moja la maji. Ulirushwa Jumanne na Alhamisi jioni, na sisi tulioupenda hatukupokea simu ya mtu saa hiyo. Halafu redio ikaukata katikati. Leonsia alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake, mumewe ameketi kitandani hajasema neno, na wiki iliyofuata saa ile ile wakaweka tangazo la mbegu za alizeti. Hakuna aliyetuomba radhi.

Nilikasirika wiki tatu. Ya nne nikaandika mwenyewe jibu la yule mume, nikalituma kwenye kundi la simu, na watu nisiowajua wakaanza kuandika majibu yao. Kijana mmoja aliyekuwa anasomea kompyuta chuoni, Zablon, akatutengenezea tovuti. Tukaiita Uani, na sisi tukajiita wapangaji. Ndani ya miaka mitano tulifika wapangaji mia mbili na kumi na wanne na hadithi zaidi ya mia tisa, kila mtu na Leonsia wake.

Tulioiendesha tulikuwa watatu, wa kujitolea. Zablon alishika mitambo. Mimi nilishika sheria, maana kazini kwangu niko masjala na sheria naziweza. Shenaz, mama wa makamo mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Majengo, tuliyezoea kumwita Mama Asif, alipokea wageni.

Sheria niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya siku tatu: hadithi yoyote isipitishe siku tatu bila msomaji kuiachia maoni. Niliitunga kwa sababu najua jinsi mtu aliyeweka hadithi yake ya kwanza anavyofungua simu kila dakika tano. Nikaitunga, nikamkabidhi Mama Asif aitekeleze, nikaendelea na mambo yangu. Na ilitekelezwa. Sikuona hata mara moja hadithi ikivuka siku ya tatu ikiwa kavu.

Nimeolewa, nimeachika, sina mtoto, nakaa vyumba viwili Chang'ombe nyuma ya duka la nafaka. Nikitoka kazini sikuwa na pa kwenda isipokuwa Uani. Siombi huruma ya mtu. Naeleza tu ili ijulikane nilikuwa nalinda nini.

Na huko Uani nilikuwa na msomaji wangu. Alijiita Babu wa Mpunguzi. Hadithi yangu ndefu ya Leonsia ilifika sehemu ya sitini na moja, na zote sitini na moja alizisoma, akagombana nami, akanisahihisha bei ya mkaa, akamtetea yule mume hadi nikamwonea huruma mwanamume niliyemtunga mwenyewe. Mwaka tulipomzika mama kule Msalato niliacha kuandika miezi miwili. Babu akaniandikia: "Pole na msiba, mwanangu. Lakini sisi wengine umetuacha hapo mlangoni na Leonsia, na miguu inauma." Nilisoma maneno hayo nyuma ya kabati za mafaili, nikalia hadi mkuu wangu akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Jioni hiyo nikaandika sehemu ya arobaini. Nilimweleza Babu mambo ambayo dada yangu wa tumbo moja hayajui. Niliwahi hata kupanga kwenda Mpunguzi kumwamkia, akasema magoti yanamsumbua na hapokei wageni.

Basi mwezi wa tatu mpangaji mmoja, Msafiri, anayefanya kazi za msimu kwenye mashamba ya zabibu Makutupora, akaniandikia faragha. Alikuwa ameona wasomaji watatu tofauti, wiki moja, kila mmoja akiandika kwamba hadithi "imenikaa kooni". Akasema, "Dada Anitha, naona humu tuna wasomaji hewa."

Ningekuwa mpishi au fundi cherehani labda ningecheka. Lakini mimi nilikaa kwenye meza ya uhakiki enzi zile serikali inawasaka watumishi hewa, wale wanaolipwa mshahara na kazini hawapo. Nilipokea vyeti, nikalinganisha majina, nikaweka alama nyekundu. Kazi hiyo niliifanya vizuri na niliipenda kuliko inavyofaa. Neno "hewa" lilinipanda kichwani. Nikamwagiza Zablon akague akaunti zote, moja baada ya nyingine.

Alinifuata ofisini saa ya chakula, tukakaa kwa mama lishe. Chakula chake hakukigusa. Alinisogezea simu yake, akasema, "Dada, hizi akaunti thelathini na moja zote zinafunguliwa kwenye simu moja. Ni ya Mama Asif. Naomba tusifute kwanza. Tumuulize."

Nikaanza kusoma orodha. Mwalimu Mstaafu. Binti Kondoa. Mama Mapacha. Askari wa Zamu. Watu niliowajua tabia zao, mmoja mkali wa tahajia, mwingine akiwaombea wahusika sala. Ya ishirini na saba ilikuwa ya Babu wa Mpunguzi.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nilijiona nimesimama uchi mbele ya mama muuza vitambaa, yeye akinitazama miaka mitano na kunyamaza. Na mimi aibu huwa haikai muda mrefu bila kugeuka hasira.

"Futa," nikasema.

"Na akaunti yake mwenyewe, ile ya jina lake?"

"Zote. Hewa ni hewa."

"Nakala ya akiba inakaa siku thelathini tu, dada. Ukibadili mawazo kabla ya hapo..."

"Sibadili. Kula, chakula kinapoa."

Mchana huo huo nilibandika tangazo: uhakiki umefanyika, wasomaji hewa thelathini na mmoja wameondolewa pamoja na mhusika wao. Sikumtaja kwa jina, nikajiona muungwana. Wapangaji saba wakanipongeza. Mama Asif hakupiga simu, hakuandika ujumbe, wala mimi sikumtafuta.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba akaunti ikifutwa huondoka na maoni yake yote. Asubuhi yake watu walifungua hadithi zao wakakuta zimekauka. Zablon alipiga hesabu akaniletea: katika kila maoni kumi yaliyowahi kuandikwa Uani, karibu tisa yalikuwa ya mwanamke mmoja. Cecilia, muuguzi aliyekuwa ameandika hadithi arobaini za yule mpangaji mlevi wa chumba cha pili, alibakiwa na maoni mawili, na yote mawili yalikuwa ya watu waliokosea wakadhani wanaandika kwenye hadithi zao wenyewe. Aliandika mstari mmoja, "Nilidhani nasomwa," akaondoka. Akafuata Bartolomayo, naye hakuaga. Walionipongeza walikuwa saba, na ndani ya wiki mbili watano kati yao hawakuonekana tena.

Mwezi huo zikaja hadithi nne mpya, uliofuata ikaja moja tu, ya binti wa kidato cha nne aitwaye Evelina. Ilikuwa fupi, ina makosa, na katikati yake palikuwa na sentensi moja kuhusu mikono ya Leonsia ambayo mimi nisingeweza kuiandika. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili nikawaandikia wapangaji niliowaamini, nikawaomba jamani mumwachie mtoto neno. Waliniambia wako mbioni.

Siku ya tatu nilifanya nililomfukuzia mwenzangu. Nikafungua akaunti, nikajiita Bibi wa Hombolo, nikaketi nikiwa nimejikunja juu ya simu kama mwizi wa kuku. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nilichoweza kutuma ni hiki: "Hadithi yako ni nzuri na ina mafunzo. Endelea na juhudi hizo." Ilisomeka kama barua ya kumkumbusha mtumishi likizo yake. Siku ya nne Evelina akaiondoa hadithi yake.

Ndipo nikaenda dukani kwa Mama Asif. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya arobaini na moja tangu nimfute. Alikuwa anampimia mteja kitambaa cha pazia.

"Shikamoo, Mama Asif."

"Marahaba, Anitha. Karibu, kaa."

Nilikaa kwenye kigoda kati ya majora, nikasubiri mteja aondoke.

"Nimekuja kukuomba urudi," nikasema.

"Nirudi kama nani?"

"Vyovyote utakavyo. Rudi na wote. Nisamehe, na uwarudishe."

Akakunja mabaki ya kitambaa taratibu. "Wote siwezi tena, mama. Nimechoka. Mwanzoni nilikuwa nasoma na kuandika kwa jina langu. Watu wakaona kila mahali ni Shenaz, Shenaz, wakasema huyu anatimiza wajibu tu. Ndipo nikamleta Mwalimu. Hadithi zikaongezeka, nikamleta na Binti. Kila siku baada ya alasiri, hadithi mbili, tatu, siku nyingine tano."

"Kwa nini hukuniambia kwamba hakuna wengine wanaosoma?"

"Nilikuambia. Mwaka wa pili, kwenye kikao chetu. Nilisema hawa watu wanaandika tu, hawasomani. Ukasema utaliweka kwenye ajenda."

Sikukumbuka, lakini hayo ndiyo maneno yangu. Nikajikuta nauliza nililokuwa nimeapa kutouliza. "Na Babu?"

"Babu alikuwa anakusoma kweli."

"Babu ulikuwa wewe."

"Ndiyo nakwambia. Nilikuwa nakusoma kweli." Aliniangalia bila chuki, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe umewahi kusoma za nani, Anitha?"

"Nilizipitia zote. Kila iliyoingia niliikagua."

"Kukagua nakujua. Nauliza kusoma." Akangoja. Kisha akasema, "Yangu je, uliisoma?"

"Yako ipi?"

"Nilikuwa na hadithi. Mwaka wa kwanza, kwa jina langu. Sehemu kumi na mbili. Hakuna aliyeniachia hata neno, ndiyo nikajua mgeni anavyoumia."

"Lakini ulikuwa na watu wako thelathini. Si wangeweza..."

"Mtu anajisifia mwenyewe?"

Nikamwuliza ilihusu nini. Aliweka mkasi chini. "Ilikuwa pale miaka mitano," akasema, na mteja mwingine akaingia kuulizia kitambaa cha sare.

Nilitoka nje nikampigia Zablon, nimesimama juani. Nikamwambia anitafutie hadithi ya Shenaz ya mwaka wa kwanza, popote ilipo.

"Ilikuwa kwenye akaunti yake, dada. Iliondoka nayo. Nakala ilijifuta siku ya thelathini."

"Hakuna njia nyingine?"

"Muulize kama anayo kwenye simu."

Nikarudi ndani. Mama Asif akanijibu akiwa anakata kitambaa, bila kunitazama, kwamba aliiandika mle mle Uani, neno kwa neno, hakuwa na daftari. Kisha akaniambia nisisimame mlangoni, wateja wanashindwa kupita.

Nilirudi Chang'ombe kwa miguu. Nilijichukia njia nzima, na si kwa maneno makubwa. Nilijichukia kama mtu anavyomchukia jirani asiyefunga bomba. Nilipofika nikabandika tangazo la mwisho nililowahi kubandika. Niliandika kwamba mwenzetu Shenaz alikuwa na hadithi mwaka wa kwanza, sehemu kumi na mbili, na kwamba niliifuta mimi. Nikaomba yeyote aliyewahi kuisoma, hata sehemu moja, hata kama anakumbuka jina la mtu mmoja tu aliyekuwemo, aniambie, ili nimpelekee mwenyewe.

Nilingoja siku mbili. Katika wapangaji mia moja na themanini waliobaki, watatu walijibu. Wawili walisema hawakujua kama aliwahi kuandika. Wa tatu alikuwa Msafiri.

"Hiyo sikuisoma, dada," aliandika. "Lakini mimi niliweka yangu mwezi wa pili. Wewe uliisoma?"

Nikaenda kuitafuta. Ilikuwepo, sehemu tisa, na kwenye kila sehemu, chini kabisa, palikuwa na jina langu na tarehe na neno moja nililoliandika mwenyewe: imekaguliwa. Sikukumbuka hata kitu kimoja kilichokuwemo.