Jivu kwenye Kikombe cha Boila

Kemuma hakulelewa kuosha chombo nusunusu. Kwao Birongo kila kitu kilisuguliwa kwa jivu, na msichana aliyeacha utando kwenye kikombe aliambiwa atazeekea kwa mama yake. Basi Aprili 1973, alipopata kazi ya usafi katika kiwanda cha chai karibu na Nyacheki, alisugua kwa jivu hata vitu visivyomwomba, kikiwemo kikombe cha kupimia maji ya boila, akakisuuza kwa maji kidogo tu.

Mumewe Nyamongo ndiye aliyetunza boila, mtungi wa chuma wa kutoa mvuke wa kukaushia chai, kiwandani humo. Kila asubuhi alichota maji ya boila kwa kikombe, akayaacha yapoe, kisha akatumbukiza waya wa mita ya kupimia chumvi. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, na mshale hupanda. Ukipanda mno, lazima maji hayo yamwagwe na kuingizwa mapya, la sivyo boila itashika magamba ya chumvi na siku moja ipasuke.

Mvua za mwaka huo zilipokolea, mshale ulipanda ukakataa kushuka. Nyamongo alimwaga maji, akamwaga tena, mpaka mvuke ukawa haba na majani ya chai yakachelewa kukauka. Meneja, Bwana Obwocha, mtu wa hasira za karibu, alikata shauri kwamba Nyamongo analala kazini. Akaita mpimaji kutoka Kisumu aje aikague mita. Mita ikionekana nzima, Nyamongo afungashe virago.

Kemuma aliposikia hayo alikosa raha. Angemfaa mumewe kwa lipi? Nyamongo mwenyewe alikuwa amesema maji ndiyo mabaya. Basi akaacha kabisa kusuuza kile kikombe kwa maji. Alikisugua kwa jivu, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akakirudisha kwa mume wake kwa mapenzi yote.

Mpimaji, Jeconia Otiende, alifika Ijumaa. Alitoa chupa ya maji ambayo kipimo chake kilijulikana, akayamimina katika bilauri yake mwenyewe, akatumbukiza waya. Mshale ukasimama pale pale ulipotakiwa.

"Mita ni mzima," Obwocha akasema. "Nyamongo, kusanya vitu zako."

Kemuma, aliyekuwa mlangoni na fagio, alisogea ndani.

"Pole pole, mzee," Jeconia akasema. "Nimepima mita. Bado kupima vile nyinyi mnapima." Akakichukua kikombe cha boila, akatia maji ya betri. "Hii maji haina kitu ndani. Mshale ikae chini."

Mshale ukapanda. Jeconia akamwaga yale maji, akapitisha kidole ndani ya kikombe, kikatoka na ukungu wa kijivu.

"Nani huosha hii kikombe?"

Kemuma alielewa papo hapo: jivu lina chumvi yake, na hiyo ndiyo iliyopandisha mshale. Kumbe siku zote hizo alikuwa akimchimbia mumewe kaburi kwa mikono yake. Nyamongo naye alikitazama kile kidole, akainamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema.

Mwanamume ambaye tangu azaliwe hajaosha hata kijiko! Kemuma akaegemeza fagio ukutani.

"Anadanganya, bwana. Ni mimi. Nilisikia maji ndio mbaya, nikawacha kuisuuza. Kama kuna mtu wa kwenda nyumbani, niende mimi."

Jeconia alikisuuza kikombe vizuri kwa maji ya betri, akatia maji ya boila. Mshale ukasimama chini, chini hata kuliko ilivyohitajika. Obwocha akakohoa.

"Basi wacha kumwaga maji, Nyamongo. Chai inangoja. Na wewe mama, jivu ibaki jikoni."

Jioni hiyo, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, Kemuma alimmiminia mumewe maziwa kutoka kwenye kibuyu. Nyamongo alionja, akasita.

"Mama Bonareri, leo maziwa haina ladha."

"Kibuyu nimeosha na maji tu. Naogopa jivu." Akakaa karibu naye. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa. Ya nini tufukuzwe wawili?" Akamsogezea kibuyu. "Nenda uoshe hii vile mama yako alikufunza. Huku hakuna mita."

Kemuma alicheka huku machozi yakimtoka, akaenda mekoni kuchota jivu.